Kura ya Tano

Alhamisi, mjini Oulu. Saa kumi tu, na giza limeshaingia.
Chini ya maktaba, kando ya mabomba ya maji moto,
tumevua viatu, tumeanika soksi,
watu watano na kopo la biskuti za tangawizi,
kuamua hatima ya kiumbe kisichokuwepo.

Anaitwa Ahtokka.
Samaki mwenye pembe za kulungu na macho ya usingizi.
Zamu ya kwanza hapigi mtu, anapiga mwayo.
Zamu ya pili anakula nusu ya uhai wako
na kujirudishia wake.
Ya tatu sijawahi kuiona ikifika.

Rauno, mstaafu wa kiwanda cha karatasi,
amekuja na daftari, kalamu ya risasi sikioni.
Timu mia mbili na kumi na moja tangu Septemba,
Ahtokka yumo katika mia mbili na nne.
Zile saba, anasema, ni za Venla.

Pirkka hataki kusikia. Anagonga meza, biskuti zinaruka.
Leo tukimfungia huyu, kesho nani?
Kila kichwa kinachochomoza tutakifyeka
mpaka uwanja uote upara?
Jouko anaitikia kwa kichwa, mdomo una kazi.
Jifunzeni kumzuia, anasema Pirkka.
Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Ndipo Sanelma, ambaye huwa hasemi,
anayefuma soksi ya mtoto wa dada yake,
akauliza bila kuinua macho:
Na asiyeweza kushindwa, je?

Bomba likakohoa.

Sasa wananitazama mimi.
Mbili huku, mbili kule,
na mimi ndiye niliyemvumbua.
Si kumuumba; waliomuumba wako mbali,
hawajui hata kama tupo.
Ila mimi ndiye niliyegundua, mwaka juzi,
kitandani, na homa yangu,
kwamba ukimpa jiwe la chumvi
mwayo wake haukatizwi na chochote.
Nikashinda jioni kumi na saba mfululizo.
Wakaniiga. Nikavimba kichwa.
Kisha wote wakawa mimi,
na kila Alhamisi nikawa napigana na kioo:
Ahtokka kwa Ahtokka, mwayo kwa mwayo,
ushindi kwa aliyetangulia kwa bahati,
kama watu wanaorusha sarafu
na kuiita akili.

Nikamkumbuka Venla, miaka kumi na mmoja,
na konokono wake Tihku, aliyemlea tangu darasa la pili.
Kila wiki humtoa wa kwanza.
Kila wiki konokono hufa kabla hajatoa pembe.
Venla hufunga kifaa, husema asante kwa mchezo
kama alivyofundishwa,
huvaa kofia na kuivuta hadi kwenye nyusi.

Nikainua mkono.
Haukuwa mzito kama nilivyodhani. Ulinuka tangawizi.

Hatukumuua. Kiumbe wa namna ile hafi.
Tulimpandisha daraja, huko juu kwa wenzake,
wenye nguvu waliotiwa zizi moja
wapishane wenyewe kwa wenyewe.
Usiku ule nilimfungulia, nikampa chakula chake.
Akapiga mwayo.

Alhamisi iliyofuata daftari la Rauno lilijaa majina
ambayo ilimbidi aulize yanaandikwaje.
Jouko alishindwa na chura, akacheka hadi akakaa sakafuni.
Nami nikakaa mbele ya Venla
nikashindwa na konokono,
polepole, zamu arobaini na mbili,
nikimpiga anajikunja, akijikunja anapona,
na yule mtoto hatabasamu, anahesabu kwa vidole chini ya meza.

Nyuma yangu nikamsikia Pirkka akinong'ona,
mdomo umejaa biskuti:
Huyu konokono naye,
hebu tumtazame vizuri.